Umekuja na Nani?

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi sikuzaa, na uchi wangu nimeuficha kwa zaidi ya miaka thelathini hapa Kibaoni, ambako barabara itokayo Mpanda, ikishaivuka mbuga ya Katavi, huwafikisha wasafiri kwetu Mpimbwe, nchi ya mpunga. Lakini wahenga hao hao walisema pia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Ndugu msomaji, hii ni habari ya mtu aliyekuwa na siri zote mbili, na jinsi kuificha moja kulivyokaribia kumvunjia nyumba wakati anatibiwa ya pili.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka 1987 alihamia hapa fundi cherehani kutoka Tabora, akapanga chumba kwangu, na hakuhama tena. Watu humwita Fundi, nami huniita Mwalimu. Sisi wenyewe huitana hivyo hivyo, hata taa ikishazimwa. Majirani husema ni mpangaji wangu, nasi hatukuwahi kuwasahihisha. Sheria ya mwaka 1998, iliyorekebisha Kanuni ya Adhabu, inampa mwanamume anayelala na mwanamume mwenzake kifungo cha maisha, au kisichopungua miaka 30. Mtu aliye na hesabu hiyo kichwani hujifunza kusema kidogo.

Mwaka 2018, nikiwa na umri wa miaka 63, nilianza kuamka usiku kwenda haja ndogo, na mkojo ukawa unatoka kwa kukatika-katika. Nilidhani ni uzee. Aliyehesabu ni Fundi. Asubuhi moja aliniambia, "Mwalimu, usiku wa jana umeamka mara saba. Twende Mpanda." Kutoka Mpanda nilipelekwa hospitali kubwa zaidi, wakakata kinyama kidogo cha tezi dume na kukipima, wakakuta saratani.

Daktari aliyenipa habari hiyo alikuwa mtu mwema, na alikuwa na karatasi mbili mezani. Ya kwanza ilihusu sindano na mionzi, akanieleza bila haraka. Kisha akashika ya pili, akauliza, "Umekuja na nani, mzee?"

"Na ndugu yangu. Yuko nje."

"Nauliza mama. Haya yaliyobaki ni mambo ya unyumba, naye angepaswa kuyasikia."

Nikamwambia sina mke, sikuoa. Akanitazama kwa huruma, akaigeuza karatasi ikalala kifudifudi. "Basi haya hayakuhusu sana," alisema.

Nje, chini ya mwembe, Fundi alikuwa amekaa na chupa ya chai, koti langu likiwa magotini mwake. Hakuna aliyemwita.

Nikapewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ile iliyo kando ya bahari katika majengo ya tangu enzi ya Wajerumani. Nilipigwa mionzi siku tano za kila juma, kwa majuma kadhaa, na nikaanza sindano za tumboni za kuzima homoni ya kiume. Saratani ya tezi dume huishi kwa homoni hiyo kama moto unavyoishi kwa kuni. Jambo hilo lilionyeshwa na daktari Charles Huggins huko Chicago mwaka 1941, na mwaka 1966 akapewa Tuzo ya Nobel. Ukiondoa kuni, moto hufifia. Ila kuni hizo hizo ndizo zilizokuwa zikiipasha nyumba joto.

Mwezi Oktoba mwaka huo, tukiwa bado jijini, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alitangaza kwamba anaunda kikosi cha kuwasaka mashoga, akawataka wananchi wampelekee majina. Baadaye serikali ilisema huo ulikuwa msimamo wake binafsi. Siku redio iliposema habari ile, Fundi alikuwa uani ananifulia shuka. Kesho yake nilimwambia arudi Kibaoni. Mionzi iliyobaki nikaimaliza peke yangu.

Nilirudi nyumbani nikiwa mtu mwingine. Joto lilinipanda ghafla kutoka kifuani hadi utosini, nikaloa jasho hata usiku wa kipupwe, kana kwamba chemchemi za jirani zetu wa Majimoto zimehamia mwilini mwangu. Matiti yakavimba. Nikikohoa, mkojo ulinitoka. Hamu ya mwili nayo haikupungua tu, ilikwisha, kama redio iliyotolewa betri.

Tena palikuwa na jambo ambalo nadhani hata ile karatasi ya pili, iliyoandikwa kwa ajili ya mama, isingelitaja. Tezi dume imekaa mbele ya sehemu ya mwisho ya utumbo, na mionzi huweza kuichubua sehemu hiyo. Kwa mwanamume ambaye hupokea katika mapenzi, mahali pale ndipo palipo na raha yake. Mimi sasa palikuwa na maumivu na damu. Ningemwuliza nani?

Nilifanya nilivyozoea kufanya: nilinyamaza. Nikauhamishia mkeka wangu chumba cha mbele, nikasingizia joto. Fundi aliponigusa bega nilijikunyata kama aliyeguswa na mgeni. Hakuuliza. Alimaliza nguo za watu zilizokuwa zimebaki, na siku moja nikamkuta anaifunga cherehani kwa gunia.

"Naenda Tabora," alisema.

"Kwa muda gani?"

"Mwalimu, mimi si mtoto. Ulinifukuza tangu Dar. Kama umepata mwingine, au kama umetubu, sema tu. Mpangaji akiambiwa ahame, huhama."

Nikakaa chini. Nikafungua vifungo vya shati akaona matiti yalivyo. Nikamweleza mkojo, nikamweleza damu, na jinsi hamu ilivyozimwa na sindano wala si na mtu. Nilimsomea, kwa maneno yangu, karatasi ambayo mimi mwenyewe sikusomewa. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: "Sasa wewe unataka nini?"

Nikasema nataka mtu wa kulala naye. Kulala tu.

Akaifungua cherehani. Jioni ile alinishonea vitambaa vya pamba vya kuvaa ndani, vya kufulika, kumi na viwili.

Sindano zilikoma baada ya miaka miwili. Jasho limepungua, utumbo umetulia, na hamu imerudi nusu, nasi tumejifunza kuishi na nusu hiyo. Baadaye nilipata ujasiri wa kumwambia daktari mwingine, "Nieleze kama mtu mwenye mwenzi, usiulize ni nani." Akanieleza. Uchubuko uachwe upone kabisa kabla ya jambo lolote kuingia pale. Tena siku chache kabla ya kipimo cha damu cha PSA mtu ajizuie, kwa sababu tezi ikisukumwa, kipimo huweza kupanda na kumtisha bure. Maneno ya dakika tano tu. Kuyakosa kulikaribia kunigharimu zaidi ya miaka thelathini ya maisha yetu.

Ndugu msomaji, pengine wewe ni mganga au muuguzi, na mambo yangu huyapendi. Sikuombi uyapende. Nakuomba usiigeuze ile karatasi. Mgonjwa akikuambia hana mke, msomee vivyo hivyo. Na wewe mzee mwenzangu unayenielewa, usingoje aliye nyumbani afunge virago ndipo umwambie.

Mara ya mwisho nilipokwenda kupimwa, muuguzi aliniuliza lile swali la siku zote, "Babu, umekuja na nani?"

"Na mtu wangu," nikajibu.

Akainua macho, akanitazama kidogo. "Mwite basi," akasema, "jua kali huko nje."