Mchana Ule wa Ngomeni

Mimi ni mtu wa Kwanza, Trans-Nzoia, kwenye mahindi na ukungu wa Mlima Elgon. Desemba 1970, nikiwa kijana wa miaka 19, nilikwenda kumtembelea mjomba wangu aliyekuwa akifundisha Ngomeni, kaskazini mwa Malindi.

Tarehe 12, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, tulisimama ufukweni na wavuvi tukikodolea macho San Marco, jukwaa la Waitaliano lenye miguu ya chuma baharini. Mchana moshi mweupe ulifumka, roketi ikapaa, ngurumo ikatufikia baadaye. Mvuvi mmoja mzee alinishika bega: “Mwanangu, kile hakirudi leo.” Jioni mjomba akanieleza kwamba ni setilaiti ya Wamarekani, nao wameiita Uhuru kwa heshima ya siku yetu.

Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya kutafuta eksirei za angani pekee, miale ambayo hewa huizuia isifike ardhini. Vitambuzi vyake vilikuwa masanduku mawili ya gesi. Kwa masanduku hayo, mwanasayansi Riccardo Giacconi na wenzake waliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei.

Mwaka 2023 Wajapani walirusha darubini nyingine ya eksirei, XRISM. Mjukuu wangu, anayesoma fizikia, alinieleza kitambuzi chake. Mwale mmoja wa eksirei ukikipiga, kinapata joto kidogo mno, na joto hilo ndilo linalopimwa. Kwa hiyo hupozwa kwa heliamu ya kimiminika na mitambo mingine hadi sehemu 5 tu za mia za nyuzi ya Selsiasi juu ya -273.15, ubaridi usio na mwingine chini yake. Nilimwelewa kwa mambo ya kwetu: alfajiri, mashine ya posho ikiwa imezimwa, kengele ya ng'ombe husikika kutoka bonde la pili. Mashine ikinguruma, husikii kitu. Joto la kitambuzi chenyewe ndiyo ile mashine.

Alijua hayo yote, lakini hakujua kwamba Uhuru ilirushwa kutoka Ngomeni. Hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia. Iliniuma sana.

Walimu wa Kwanza, Kitale na Bungoma, nawaomba: mkifundisha eksirei, anzieni Ngomeni. Waambieni watoto tarehe, na waambieni jina.