Nilitaka Kuzalia Nyumbani. Aliyekataa Ni Mkunga

Kabla hamjaanza kwenye komenti: hapana, sikudanganywa na TikTok. Zile video za mzungu yuko ndani ya bwawa la plastiki sebuleni, mishumaa pande zote, bwana anamkanda mgongo, mtoto anatoka kimya kimya kama anaamka usingizini, nimeziona kama nyinyi. Kwetu Shika Adabu maji tunaletewa na mkokoteni, mtungi kwa mtungi. Hilo bwawa ningelijaza mpaka lini?

Mimi nilitaka kuzalia nyumbani manake nshazaa hospitali mara mbili, na mara zote mbili kilichoniuma zaidi hakikuwa uchungu wenyewe. Nilikosa mtu.

Sasa hii ni mimba ya tatu, wiki ya 33. Mliokuwepo nilipotangaza mpango wangu wa nyumbani mmekuwa mkiniuliza inboksi mbona nimenyamaza. Leo nawajibu wote pamoja. Na wewe mwenye miaka 19 usipite ukisema hii ni mada ya kina mama. Itakufikia. Kama si wewe, ni dadako, au ni huyo mpenzi wako unayemwandikia saa hii.

Mara ya kwanza ilikuwa 2018. Hospitali siitaji. Tulikuwa wawili kitanda kimoja, mimi na dada mwingine nisiyemjua hata jina. Mamangu aliachwa nje getini na kikapu cha chai na leso. Nilipotaka kusimama nitembee kidogo niliambiwa nilale, nisisumbue. Nilipopiga kelele nikaulizwa kama wakati wa kuitia ile mimba nilipiga kelele vile vile. Wasichana wengi walioizaa Kenya hii wanalijua hilo swali, ni kama liko kwa silabasi. Halafu kofi la paja. Mtoto akatoka mzima, alhamdulillahi, na nyumbani kila mtu akaniambia nishukuru. Nikashukuru. Lakini kofi silisahau.

Na sio mimi peke yangu. Kuna utafiti ulichapishwa 2015, waliwauliza kina mama 641 waliokuwa wametoka kuzaa katika vituo 13 hapa Kenya. Mmoja kati ya watano alisema alidharauliwa au kuteswa kwa njia fulani. Mwaka 2013 kuna mama wa Bungoma alizalia sakafuni hospitalini, wauguzi wakampiga na kumtukana, na kuna aliyerekodi kwa simu. Aliishtaki serikali. Machi 2018 Mahakama Kuu ikaamua haki zake zilivunjwa, alipwe shilingi milioni 2.5. Mwaka huo huo ndo mimi niko kwa kitanda cha wawili.

Niseme pia ukweli wa upande wa pili. Usiku ule nesi alikuwa mmoja na sisi tulikuwa wengi kupita kiasi. Tangu Juni 2013 serikali iliposema kuzaa hospitali za umma ni bure, kina mama walijaa, na wauguzi hawakuongezeka kwa mwendo ule. Mwaka 2017 wauguzi waligoma kuanzia Juni mpaka Novemba, na uchovu ulikuwa sehemu ya malalamiko yao. Naelewa. Lakini kuchoka hakupigi mtu kofi, mkono ndio unaopiga.

Mara ya pili, Februari 2021, wakati wa korona na kafyu. Uchungu ulinishika saa saba usiku. Baba watoto alizunguka mtaa mzima kutafuta tuktuk, kila dereva anaogopa polisi. Tukapata mmoja. Nikafika kituo cha karibu, hapa hapa upande wetu, nikazaa ndani ya dakika ishirini. Wale wauguzi walikuwa wazuri, sina neno. Shida ikaja baadaye: kondo la nyuma lilichelewa, lilipotoka damu haikukatika. Nikaandikiwa kupelekwa ng'ambo.

Wa Likoni wenzangu mshaelewa. Kwa wengine, ng'ambo ni kisiwani, na kati yetu na kisiwa kuna maji ya kama nusu kilomita. Hakuna daraja la gari pale. Kuna feri. Nililala kwenye ambulensi nikisikia injini ya feri inakuja, nikihesabu. Sijui nilihesabu mpaka ngapi. Nakumbuka baridi, Mombasa, mwezi wa pili.

Upande wa pili nikaongezewa damu painti mbili. Baba watoto akazuiwa mlangoni kwa sababu ya korona, mtoto alibaki na jirani, na mimi nikalala peke yangu nikidhani nafa. Hakuna aliyeniambia sifi. Dawa walinipa, damu walinipa, kauli hawakunipa.

Sasa mnaelewa mbona safari hii nikasema basi, nyumbani.

Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa mamangu, anakaa Kisauni, na huko Kisauni ndiko alikotuzaa sote, chumbani kwake, na mkunga wa mtaa. Nilijua atafurahi. Si hawa ndo wanaosema sisi tulizaa nyumbani na mko hapa? Alikuwa anakuna nazi. Akaniuliza, "Kwani nyinyi mko wangapi?"

Nikamwambia wanne.

"Mimi nimezaa watano." Akaendelea kukuna.

Bado sikubadili nia. Nikatafuta mkunga. Sikutaka wa jadi, nilitaka aliyesomea. Hapo nawaomba msikilize: mkunga aliyesomea amesajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya na ana leseni. Muulize, haudhiki. Akiudhika, huyo ndo jibu lako. Wangu ni nesi mstaafu, amezalisha miaka zaidi ya thelathini, mtaani twamwita Sista. Alikuja kwangu Jumapili baada ya alasiri, akakataa soda, akaomba kijitabu cha kliniki.

Akasoma kila ukurasa. Akauliza mtoto ni mmoja au mapacha. Kichwa kiko wapi. Presha ilikuwa ngapi kliniki ya mwisho. Damu yangu ni ngapi, manake ikiwa chini ya 11 mjamzito anahesabiwa ana upungufu. Nimewahi kupasuliwa? Grupu yangu ya damu? Halafu akauliza kuzaa kwa mara ya pili kulikwendaje. Nikamweleza yote, feri, painti mbili, baridi.

Akafunga kijitabu. "Mwanangu, wewe sikuzalishi nyumbani."

Nikajaribu kubishana. Nikamwambia Uingereza wanazalia nyumbani na ni sawa. Nikamtajia ule utafiti wao mkubwa wa 2011, kina mama zaidi ya 64,000, ulioonyesha kwamba mama mwenye afya aliyewahi kuzaa salama akipanga kuzalia nyumbani, mtoto wake hayuko kwenye hatari zaidi ya yule wa hospitali. Hiyo ni kweli, na nilikuwa nimesoma. Lakini Sista akaniuliza kama nimesoma mpaka mwisho. Manake ule ule utafiti unasema katika waliopanga kuzalia nyumbani mimba ya kwanza, 45 kati ya 100 waliishia kuhamishwa hospitali. Waliowahi kuzaa, 12 kati ya 100. Na hao walichaguliwa wale wasio na shida yoyote. Mimi aliyewahi kuvuja damu siko kwa hiyo orodha.

"Hao kumi na wawili," akasema, "walipanda ambulensi wakashuka hospitali. Wewe utashuka wapi?"

Akanieleza kuhusu damu kwa lugha ambayo kliniki sikuwahi kuisikia. Baada ya kuzaa, ukivuja nusu lita, ile chupa ndogo ya maji ya dukani, tayari wewe ni mgonjwa wa kuangaliwa. Aliyewahi kuvuja ana uwezekano mkubwa wa kuvuja tena. Sindano ya kukaza mfuko wa uzazi inataka kukaa kwenye friji, nyuzi 2 mpaka 8, na stima ya kwetu mnaijua. Hata sindano ikiwepo, ikikataa kufanya kazi unahitaji dripu, dawa nyingine, pengine damu, pengine chumba cha upasuaji, na vyote hivyo kwa haraka. Akaniambia siku hizi kuna mfuko wa plastiki wenye alama unaowekwa chini ya mama kupima damu inayotoka, badala ya nesi kukisia kwa macho. Nikaenda kusoma. Ni kweli: walijaribu katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, mfuko pamoja na kutoa matibabu yote kwa mpigo bila kungoja moja lishindwe, na matokeo ya 2023 yakaonyesha kina mama waliovuja vibaya walipungua kwa asilimia 60. Plastiki tu na watu wenye haraka.

Hapo ndo nikaelewa kitu ambacho sijaona mtu akikisema kwenye hizi video. Mpango wa kuzalia nyumbani, ukiwa mpango kweli, nusu yake ni mpango wa kutoka nyumbani. Gari la nani. Dereva analala wapi. Nani anabaki na watoto. Dakika ngapi mpaka kwenye damu. Na mtu wa Likoni hapimi hizo dakika kwa kilomita, anazipima kwa feri. Njia ya Dongo Kundu ipo sasa, inatuzungusha mpaka upande wa Miritini na Changamwe, lakini ni kuzunguka, na damu haingoji uzunguke.

Kwa hivyo nyumbani kwangu kuna mtu lakini hakuna damu, na hospitali kuna damu lakini hakuna mtu. Kwa miaka watu wazima wanatulazimisha tuchague kimoja, halafu tukichagua vibaya wanatuita wajinga.

Serikali imefanya kazi kubwa kutupeleka hospitali, siwezi kukataa. Mwaka 2014, watoto 61 kati ya 100 walizaliwa kituoni. Mwaka 2022 wakawa 82. Lakini sensa ya 2019 ikaonyesha bado tunapoteza akina mama 355 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Na wale 18 walio nje ya kituo, jamani, tusiwape mahubiri tu. Wengine hawana nauli. Wengine wako mbali. Na wengine wako kama mimi, wanakumbuka kofi.

Mpango wangu mpya ni huu. Wiki ya 37 nahamia kwa mamangu Kisauni. Kutoka kule mpaka Makadara, yaani Hospitali Kuu ya Pwani, ni daraja la Nyali, hakuna feri. Uchungu ukianza, Sista anakuja Kisauni, nitembee, ninywe uji, nipige kelele kwa jina lolote nitakalo. Yeye ndo atasema saa ya kuondoka. Dereva wa tuktuk tushaongea naye, na wa pili wa akiba. Wadogo zangu wawili grupu yao inaoana na yangu, washaambiwa wasisafiri. Kwenye kijitabu, ukurasa wa kwanza, Sista ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba nilivuja 2021.

Limebaki moja: nataka Sista au mamangu aingie nami ndani. Hili si jambo la anasa. Shirika la Afya Duniani tangu 2018 linapendekeza kila mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe wakati wa kuzaa, na aruhusiwe kutembea na kukaa mkao anaotaka. Katiba yetu, kifungu cha 43, inatupa haki ya huduma za afya, na afya ya uzazi imetajwa humo kwa jina. Nikaenda kliniki nikauliza kama mtu wangu ataruhusiwa. Nesi, kwa upole kabisa, akaniambia, "Inategemea nani yuko zamu."

Hilo jibu ndo shida yetu. Kupigwa kofi au kushikwa mkono isiwe bahati ya zamu. Pazia kati ya vitanda halihitaji mfadhili kutoka Ulaya. Kumruhusu mama mtu aingie na shangazi yake mmoja, aliyenawa mikono na kuvaa leso safi, hakuna shilingi inayotumika.

Basi nawapa kazi, wasichana kwa wavulana. Wiki hii, ukimsindikiza mtu kliniki, awe dadako au jirani, uliza kwa adabu: siku ya kuzaa, anaruhusiwa kuingia na mtu? Uliza pia mfuko wa kupimia damu wanao. Usigombane na nesi, naye hana usemi mkubwa. Andika jibu na kituo uniletee inboksi. Sitatangaza jina la nesi yeyote. Nataka tukusanye majibu ya Likoni, Kisauni na Changamwe, tuyapeleke kwa kaunti yakiwa yamepangwa, tuone nani ataita hiyo kelele.

Nina wiki nne kabla ya kuhamia kwa mamangu. Anzeni.