Ushahidi wa Taa

Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, jioni moja giza likiingia, lori liligongana na gari dogo karibu nami. Niliapa mbele ya polisi kwamba lori lile halikuwasha taa. Dereva wake, mzee mwenye watoto wengi, alisema taa zilikuwa zikiwaka, lakini hakusadikiwa. Mimi nilikuwa msomi, naye hakuwa.

Siku ya pili alikuja mhandisi mchunguzi wa ajali. Alipima alama za magurudumu kwa utepe, kisha akaifungua taa iliyovunjika. Nilimwomba anieleze kazi yake.

"Kijana," akasema, "uzi wa globu ukiwa baridi, gari ligongwapo hukatika kama kijiti kikavu. Ukiwa moto huwa laini, ukavutika na kupindika. Na kioo kikivunjika taa ikiwaka, uzi huungua hewani ukaacha unga mweupemweupe."

Nikatazama. Uzi ulikuwa umepindika, na unga ulikuwapo.

Ndipo nilipokumbuka kwamba niligeuka baada ya kusikia kishindo, taa zikiwa zimekwisha vunjika. Nilirudi kwa polisi kuyafuta maneno yangu, uso umeniinama kwa haya. Sikukusudia uongo, lakini lau mchunguzi yule asingalikuja, ulimi wangu ungalimtia mzee gerezani.

Wanafunzi wangu, chuma hakina rafiki wala adui. Kabla hamjamshuhudia mtu, jiulizeni: nimeona, au nimedhani?