Kutu Imetoka

Kwetu Kasugho pikipiki ni "moto", neno la Kifaransa lililopata makao. Mimi huiweka katika ngeli ya I-ZI, "moto yetu", na moto wa jikoni naubakiza U-I.

Moto ya yaya ndiyo inayonilipia masomo. Likizo iliyopita nilitaka kumshukuru, nikasugua bomba lake la moshi kwa waya wa kusugulia sufuria. Liling'aa mpaka nikajiona uso. Baada ya majuma mawili ya mvua likatoa madoa mekundu.

Yaya hakunigombeza. Alisubiri bomba lipoe, akaosha tope kwa maji ya sabuni, akakunja kipande cha karatasi ya alumini, akakichovya majini, akasugua taratibu. Alumini ni laini kuliko kromu, haiichubui. Akakausha, akapaka mafuta kidogo sana. Mafuta hayo huungua safarini, kwa hiyo kila jioni anarudia.

Darasani tunasema kutu "imekula" chuma, kana kwamba ina mdomo na imetoka nje. Yaya husema "imetoka". Nilikaribia kumsahihisha (ugonjwa wetu wanaisimu!), kumbe yuko sahihi: kromu ni utando mwembamba tu, haishiki kutu. Kinachoshika ni chuma kilicho chini yake, nami ndiye niliyekifungulia maji njia.

Madoa yalififia, mikwaruzo ikabaki. Abiria huchagua moto inayong'aa. Siku hizi yaya akiegesha, upande wa bomba anauelekeza ukutani.