Ndege haikupaa, lakini mimi nililia mama!

Washkaji, kuna mambo ukiyafanya unatakiwa uyamezee na uende nayo kaburini. Hili la kwangu nilipanga kulificha, lakini mpwa wangu mwenye miaka 9 ameshalitangaza kwa simu mpaka kwa bibi yake Temeke. Basi bora niliseme mwenyewe kabla halijafika kijiweni likiwa limetiwa chumvi.

Mwaka jana, mwezi wa Juni, dada yangu alinitumia tiketi niende kumsalimia. Ameolewa Ufaransa, wanaishi mji unaoitwa Caen, upande wa Normandy. Mnajua nilivyokuwa nimeijenga safari kichwani: Paris, ule mnara wao, picha kali za kuwarushia roho wana wa kijiweni. Nafika, wiki ya kwanza mvua. Wiki ya pili Shem, ambaye ni Mfaransa lakini Kiswahili anakikwaruza, akasema, "Kesho tunakwenda makumbusho ya vita."

Nikanuna kimoyomoyo. Makumbusho mimi nayajua: mikuki kwenye kabati la kioo, vumbi, na kibao cha "Usiguse". Kidato cha nne somo la Historia nilipata D, na hiyo D yenyewe ni kwa huruma ya Mungu. Lakini chakula chao, kitanda chao. Nikasema sawa Shem, twende.

Ndani ya gari mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, kwetu Tanzania kuna mtu wetu alipigana vita?"

Nikamwambia yupo Bamkubwa, alikwenda Uganda kumpiga Idi Amin, vita ile ya mwaka 1978 mpaka 1979.

"Alifanya nini huko?"

Hapo nikakwama. Miaka yote nimeishi nyumba moja na yule mzee, nilichokuwa najua ni kwamba tukiweka mkanda wa Rambo yeye huinuka na kwenda kukaa barazani. Sisi vijana tulikuwa tunamcheka, eti mzee mwanajeshi anaogopa mlio wa risasi za kwenye televisheni.

Tulikwenda karibu saa nzima mpaka kijiji cha Saint-Côme-du-Mont, jirani na mji wa Carentan. Pale pana mahali panaitwa D-Day Experience. Kwa ufupi, usiku wa tarehe 5 kuamkia tarehe 6 Juni 1944, kabla meli za Wamarekani, Waingereza na wenzao hazijashusha majeshi ufukweni, askari wa miavuli walidondoshwa gizani nyuma ya Wajerumani. Wamarekani peke yao walikuwa zaidi ya 13,000, wa divisheni ya 82 na ya 101, na ndege zilizowabeba zilizidi 800. Waingereza nao walidondosha wa kwao upande wa mashariki, karibu na hukohuko Caen anakoishi dada.

Basi bwana, makumbusho haya si ya kutazama, ni ya kuingizwa ndani. Kwanza mnakaa kwenye chumba kama kibanda cha kambi. Mbele yenu anasimama ofisa, anazungumza, anawapa maelekezo ya safari. Nikawa namsikiliza kwa adabu zote. Kumbe si mtu! Ni picha ya mwanga tu, imetengenezwa hata ukadhani ukinyoosha mkono utamgusa. Anaitwa Luteni Kanali Robert Wolverton. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, dada ndiye aliyekuwa akininong'oneza tafsiri.

Halafu mnapandishwa ndege. Tena ndege yenyewe hasa, C-47, aina ileile iliyobeba wale askari. Imefungwa kwenye mitambo ya kuitikisa, kwa hiyo haiendi popote. Mnakaa kwa mistari miwili, mgongo ukutani, mnatazamana kama abiria wa chai maharage. Mimi nikakaa kibabe, miguu nimetanua, mpwa wangu nimempa konyezo kwamba akiogopa anishike mkono.

Injini zikanguruma. Sakafu ikaanza kutetemeka mpaka meno yakagongana. Dirishani mawingu, halafu bahari, halafu giza. Mara puu! Kitu kikalipuka pembeni, mwanga mwekundu ukajaa ndani, ndege ikayumba kama daladala iliyopasuka tairi. Washkaji, siwafichi. Nilitoa ukelele, "Mama yangu weeee!" na nilipozinduka nilikuwa nimemkumbatia mama mmoja wa Kizungu ambaye hata jina simjui. Yule mama kwa huruma akawa ananipigapiga mgongoni. Mpwa wangu alicheka hadi machozi.

Ndege haikuinuka hata nchi moja kutoka chini. Ngoma nzima ni dakika chache tu.

Tukatoka tunacheka wote, hata mimi. Tukaanza kupita kwenye makabati kutazama makoti, buti, barua, bunduki, miavuli. Shem akanionyesha mzigo aliokuwa akibeba askari mmoja: mwavuli, mwavuli wa akiba, silaha, risasi, mabomu ya mkono, chakula. Kilo 40 na zaidi. Halafu akaniambia kitu kilichonikata kicheko.

"Yule ofisa aliyezungumza nasi, Wolverton. Amekufa usiku ule ule. Hapa hapa, karibu na kijiji hiki."

Mwili ukanisisimka. Mtu nilikuwa namtazama usoni muda si mrefu. Kabla ya kuondoka Uingereza aliwapigisha vijana wake magoti wasali, lakini akawaambia wasiinamishe vichwa, watazame juu. Halafu wakapanda ndege. Yeye hakuiona asubuhi.

Nikarudi kuzitazama zile picha za ukutani upya. Vijana. Wengine wana miaka 19, wengine 20, wanacheka, wamepaka masizi usoni. Mimi nina 24. Na nyumba iliyopo pale pembeni ya barabara, sehemu ya makumbusho hayohayo, ilikuwa kituo cha askari wa miavuli wa Kijerumani. Picha zao nao zipo. Vijana vilevile. Tofauti ni kofia.

Mchana tukasogea mbele kidogo hadi mji wa Sainte-Mère-Église. Ukifika unaona sanamu ya askari inaning'inia kwenye mnara wa kanisa, mwavuli wake umenasa juu. Ni kumbukumbu ya John Steele wa divisheni ya 82. Usiku ule nyumba moja karibu na kanisa ilikuwa inaungua, wananchi wamejipanga wanapitishiana ndoo za maji, na Wajerumani wamesimama wanawalinda. Katikati ya mwanga ule ndipo askari wa miavuli wakaanza kudondoka, wanaonekana kama mchana. Steele alijeruhiwa mguu, akanasa mnarani, akajifanya maiti kwa karibu saa mbili huku wenzake wanauawa chini yake. Baadaye akatekwa, akatoroka, akaishi mpaka mwaka 1969.

Watalii wote wanampiga picha yeye, hata mimi nilipiga. Lakini Shem akanipeleka nje ya mji kuona bonde la mto Merderet. Majani ya kijani, ng'ombe wanakula. Wajerumani walikuwa wamelifurisha maji bonde lile. Vijana waliodondokea pale na zile kilo 40 mgongoni, wengine walizama kabla hawajamwona adui hata mmoja. Hao hawana sanamu mnarani.

Dukani, kabla hatujaondoka, nilinunua vidude viwili vya bati, vidogo kama kizibo cha soda. Ukikibonyeza kinalia ka-ta! Askari wa divisheni ya 101 walipewa vya namna hiyo ili watambuane gizani. Ukisikia mtu kichakani, unabonyeza mara moja. Akikujibu mara mbili, ni mwenzako. Kulikuwa na neno la siri pia: mmoja anataja umeme, mwenzake anajibu radi. Kimoja nilikinunua kwa ajili ya mbwembwe za kijiweni. Cha pili, sijui kwa nini, nikasema nitampa Bamkubwa.

Nimerudi Bongo, usiku wa pili nikamkuta barazani, umeme umekatika. Nikamwamkia, nikaketi kwenye mkeka, nikamwekea kile kidude mkononi na kumweleza kinavyofanya kazi. Akakigeuzageuza. Akabonyeza mara moja. Ka-ta!

"Na mwenzako asipojibu?" akauliza.

"Unampiga risasi, Bamkubwa." Nilisema kirahisi tu, kama ninayesimulia mkanda wa video.

Akanyamaza kitambo. Halafu akaanza kusema, polepole, hanitazami.

"Mwaka 1979. Tulikuwa tumeshavuka mpaka. Usiku, mvua. Mimi niko lindo. Nikasikia mtu anakuja. Nikamuuliza neno la siri. Kimya. Nikamuuliza tena. Kimya. Kidole changu kiko hapa." Akanionyesha kidole kilivyokuwa.

"Ikawaje, Bamkubwa?"

"Akakohoa."

Nikangoja.

"Alikuwa na kikohozi wiki nzima, mwanangu. Tulikuwa tunamsema vibaya, kwamba atatuuzia roho zetu kwa adui. Nikakitambua kile kikohozi. Alitoka kujisaidia, neno likamtoka kichwani kwa woga. Alikuwa na miaka 20. Mimi 21."

Hapo ndipo akili ikanifunguka. Kuna mzee mfupi anakuja pale nyumbani kila sikukuu, anakula pilau, wanacheza bao na Bamkubwa hadi jioni. Bamkubwa humwita Kikohozi. Tangu tukiwa wadogo tulikuwa tunashangaa, mbona mzee wa watu hakohoi?

"Anajua?" nikauliza.

"Anajua nilimsamehe kusahau neno la siri. Hajui kidole kilikuwa kimeshaanza kuvuta. Miaka yote hii namtazama anacheza bao, namtazama anacheka, sijamwambia."

Akainuka, akaingia ndani. Kidude akaondoka nacho.

Sikulala vizuri. Nililipiwa kiingilio kule Ufaransa nikatishwe na ndege isiyopaa, wakati vita yenyewe ilikuwa imekaa barazani kwetu kwenye kigoda. Nami nilikuwa naicheka.

Wewe unayesoma, kama nyumbani kwenu kuna mzee wa namna hiyo, usimkurupukie na maswali kama askari wa upelelezi. Kaa naye tu. Zima huo mkanda wa Rambo. Atasema siku yake ikifika, na isipofika, basi heshimu.

Kabla ya kuandika haya nilimwomba Bamkubwa ruhusa. Akafikiri, akasema, "Andika. Kikohozi macho yake siku hizi hayasomi gazeti. Labda mtu atamsomea. Mimi kwa mdomo wangu nimeshindwa."

Nami najua mjukuu wake huwa anasoma ukurasa huu. Basi mdogo wangu, nenda kamsomee babu yako mpaka hapa. Usiruke hata mstari. Halafu mwambie aje, asingoje sikukuu. Bamkubwa yuko barazani, bao limeshapangwa.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.