Dakika moja pale Nithi

Kama hujawahi kuingia mashindano ya filamu ya masaa 48, wacha nikueleze haraka. Ijumaa saa moja jioni mnapigiwa kura ya aina ya filamu, halafu mnapewa mhusika, kitu ambacho lazima kionekane, na mstari mmoja ambao lazima mtu auseme. Jumapili saa moja jioni filamu iwe imefika, dakika nne hadi saba. Kuandika, kushuti, kuhariri, muziki, kila kitu ndani ya hizo saa, na hakuna kuja na skripti ya nyumbani. Wazo lenyewe lilianzia Washington, Marekani, mwaka 2001. Jamaa anaitwa Mark Ruppert alitaka kujua kama filamu ya kutazamika inaweza kutengenezwa kwa siku mbili. Tangu hapo limezunguka dunia na kuzaa mashindano mengine madogo madogo yenye sheria kama hizo. Sisi tuliingia moja ya hayo madogo.

Tulikuwa sita. Watatu tuko Meru, watatu wako Embu. Ijumaa hiyo nimekaa Makutano na simu mkononi, tukaangukia filamu ya kutisha. Mhusika: mwalimu mstaafu. Kitu: mwavuli. Mstari: "Usiniulize tena."

Nikasema kwenye simu, nikiwa na furaha kama mtu ameokota elfu moja barabarani: "Nithi!"

Kwa wale hawajui, ukitoka Embu kuja Meru, ukishapita Chuka kuna mahali barabara inateremka vibaya na kukunja hadi kwenye daraja la Nithi. Tarehe 24 Julai 2022, Jumapili jioni, basi liliruka pale likaanguka bondeni na watu zaidi ya 30 wakafa. Na hiyo si ajali ya kwanza wala ya mwisho. Sisi tunaotumia hiyo barabara tunajua vile matatu hunyamaza ikianza kuteremka. Hata yule abiria alikuwa anaongea na simu tangu Runyenjes hukatisha kidogo.

Kwa hivyo ilikuwa rahisi. Wa Meru wateremke, wa Embu wapande, tukutane katikati, nauli ipungue. Na nikasema maneno ambayo nayakumbuka vizuri kwa sababu nilikuja kuyasikia tena: "Pale wamekufa wengi, hatuhitaji kuongeza kitu. Itatisha yenyewe." Grupu ikajaa emoji za moto. Jamaa wetu wa sauti, wa Embu, akatuma kidole gumba tu. Huyo ni mtu wa maneno machache, sikufikiria chochote.

Saa nane usiku skripti ilikuwa tayari. Mwalimu mstaafu anasimama darajani na mwavuli akiita rejista, na wanafunzi wanapanda kutoka bondeni mmoja mmoja wakiitikia. Ilikuwa kali, sitadanganya.

Jumamosi asubuhi tukakutana Chuka, tukachukua nduthi hadi pale. Baridi, upepo, malori yanashuka yakinguruma. Tukiwa tunapanga tripodi akapita mama mmoja wa umri wa shosho yangu, amebeba nyasi za ng'ombe mgongoni. Akasimama.

"Mnapiga picha ya nini, watoto wangu?"

"Filamu, shosh."

"Ya nini?"

Nikamwambia ni ya usalama barabarani. Ilitoka haraka hivyo tu, hata sikufikiria. Uso wake ukabadilika, akaweka mzigo chini, akanishika mkono. "Mungu awabariki. Waambieni wapunguze mwendo. Sisi ndio huja kuwatoa huko chini." Akabeba nyasi zake, akaenda.

Maiki ilikuwa imewashwa. Jamaa wa sauti alikuwa na hedfoni masikioni, akasikia yote.

Kuna kitu watu wa sauti hufanya kila mahali: kabla ya kuanza, kila mtu ananyamaza, wanarekodi dakika moja ya mahali penyewe, ili baadaye mkikata mazungumzo usisikie shimo. Akatuomba hiyo dakika. Tukasimama. Lori moja likashuka, ndege, maji ya mto huko chini, upepo. Dakika ikaisha na hakusema "sawa". Akatoa hedfoni, akaanza kukunja waya.

Binamu yake alifia pale. Si kwa hilo basi la 2022. Ilikuwa ajali nyingine kabla yake, ndogo, ambayo haikufika hata kwenye habari za saa moja. Alikuja na baba yake usiku huo. Msee wa kamera akamuuliza, "Si ulikubali jana?" Akasema, "Nilikubali kuja. Nilidhani nikifika nitaweza." Halafu akaniangalia. "Itatisha yenyewe, ulisema."

Ningependa kuwaambia kwamba hapo hapo nilifunga kamera. Wapi. Kitu cha kwanza kichwani kilikuwa hesabu: saa nne asubuhi, tumebakisha masaa 33. Nikamwambia tunaweza kuweka jina la binamu yake mwishoni, kama kumbukumbu.

"Unalijua jina lake?" akaniuliza.

Sikulijua. Tumejuana miaka mitatu.

Tunapenda kuwasema wale watu ambao ajali ikitokea wanafika na simu juu kabla hata mtu hajatolewa kwa gari. Mimi mwenyewe nimewahi kuwatengenezea video ya kuwakaripia, na ilifanya vizuri. Sasa niambie tofauti yangu na wao ni nini, kando na tripodi. Saa inayokimbia hukupa ruhusa ya ajabu. Unadanganya mama mwenye mzigo mgongoni na unaita hiyo kazi.

Na niseme ukweli, tuliondoka pale kwa sababu bila yeye hatukuwa na sauti. Mtazamaji atavumilia picha yenye giza lakini sauti mbovu hawezi. Huruma ilikuja baadaye, kwenye nduthi, nikiwa nimekaa nyuma yake na hakuna mtu anaongea.

Tukaenda Ndagani, kwa chumba cha rafiki anayesoma Chuo Kikuu cha Chuka. Tukaandika upya kwa saa mbili. Mwalimu mstaafu yuko kwake usiku, mwavuli uliolowa uko mlangoni, anapigia kijana wake aliyesafiri. Simu inaita, haishikwi. Jirani anakuja kuuliza kama amefika. Jirani mwingine anakuja. "Usiniulize tena." Basi, hiyo ndiyo filamu yote. Mwalimu alikuwa msichana wetu wa Embu wa miaka 23 aliyepakwa unga wa ngano kwa nywele. Alikaa kama chapati bado haijapikwa, kwa hivyo karibu filamu nzima tulimpiga kutoka nyuma.

Jamaa wa sauti alifanya kazi yake bila kulalamika. Jumapili mchana, tukihariri, ndiye aliyesema ile dakika ya Nithi iwekwe mwishoni, chini ya picha ya simu juu ya meza. Hakuna muziki, ni hiyo tu. Nilimuuliza mara mbili kama ana uhakika. Ya pili akaniambia, "Wewe weka."

Saa kumi stima ikapotea. Kompyuta ilikuwa na asilimia 31. Tukakimbia na nduthi hadi mjini Chuka kutafuta mahali pana jenereta, bando likaisha faili likiwa katikati, tukaanza tena. Filamu ilifika saa moja na dakika tisa. Ukichelewa, filamu inaonyeshwa lakini haihukumiwi, kwa hivyo hatukushinda chochote na hatungeweza. Msee wa kamera bado anasema ile ya kwanza ingefika mbali hata kama ingechelewa, watu wangeitafuta. Labda ni kweli. Wanafunzi wakipanda kutoka bondeni wakiitikia rejista, hata mimi bado naiona.

Jina la binamu yake liko mwishoni mwa filamu, peke yake, bila maelezo. Aliliandika mwenyewe.

Ile ya usalama barabarani bado sijaitengeneza. Mwezi uliopita nilipita Nithi nikienda Embu, nikaomba kiti cha dirishani. Matatu ikanyamaza kama kawaida. Niliangalia kando ya barabara mpaka tukavuka, kulikuwa na kijana mmoja na mkokoteni, na nyasi.