Fimbo za Mpera

Shule yetu ya msingi ilikuwa Muheza, mkoani Tanga, kilimani katikati ya michungwa. Mwanzoni mwa miaka ya tisini kengele yetu ilikuwa rimu la lori lililoning'inizwa mwembeni, na fimbo zilikuwa za mpera, kwa kuwa mpera haukatiki upesi. Tulizikata wenyewe. Mwalimu wa zamu alimtuma kiranja, kiranja akachagua wenzake, wakashuka bondeni na panga. Aliyeleta fimbo kavu alionjeshwa wa kwanza.

Watoro na wachelewaji walichapwa, lakini fimbo nyingi zaidi ziliishia kwenye hesabu za kichwa. Maswali kumi, majibu kwenye kipande cha karatasi, kisha mnabadilishana kusahihisha. Kila kosa, fimbo moja. Njiani nikiwa na ndoo ya maji nilijua vizuri kwamba saba mara nane ni hamsini na sita. Mwalimu akisimama nyuma yangu, sikujua hata jina la baba. Rafiki yangu wa dawati moja alijificha michungwani siku za hesabu, akasubiri tutoke ndipo arudi nyumbani pamoja nasi. Wazazi walijua. Mchelea mwana kulia hulia yeye, walisema, na baba mmoja alimwambia mwalimu mbele yetu: "Mchape, Mwalimu, mifupa tu uniachie."

Ukubwani nikazisoma kanuni zenyewe za viboko shuleni. Za mwaka 1979 ziliruhusu viboko visivyozidi sita. Mwaka 2002 vikapunguzwa kuwa vinne. Kiboko ni cha utovu mkubwa wa nidhamu au kosa zito linaloivunjia shule heshima. Kitolewe na mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Nilipandwa na hasira. Kukosa saba mara nane kuliivunjia shule heshima gani? Kitabu hicho sikuwahi kukiona, na sidhani kama kuna mwenzangu aliyekiona.

Kenya, ambayo kutoka kwetu unaifikia kwa kuvuka Horohoro, ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Sisi tuliendelea kubishania idadi. Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano alifariki Bukoba baada ya kupigwa na mwalimu, na nchi nzima ikashtuka. Mwaka uliofuata mkuu wa Mkoa wa Mbeya aliwachapa wanafunzi wa sekondari, na Rais Magufuli akamuunga mkono hadharani.

Wanaotetea kiboko huniambia kwamba darasa la watoto themanini halitulizwi kwa maneno. Ugumu huo naujua, nilikaa humo. Lakini darasa lilelile lilipata mwalimu mama aliyekuja na mfuko wa vizibo vya soda. Alitugawa makundi, tukahesabu kwa vizibo, tukakosea kwa sauti, akauliza nani anaweza kumsaidia mwenzake. Kelele zilikuwepo, na alama za hesabu zilipanda. Rafiki yangu aliacha kujificha. Mwalimu huyo alipohamishwa, fimbo zikarudi, na rafiki yangu akaacha shule akiwa darasa la sita. Ndiyo maana sitaki kusikia tena habari za kupunguza kutoka vinne hadi viwili. Kanuni hizo zifutwe zote, na fedha za kuajiri walimu zitafutwe kwa bidii ileile tuliyotumwa kutafutia fimbo.